Nilificha Uso, Sikuficha Sauti

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mnaosoma uuguzi mliotutembelea leo, karibuni sana Matai. Kabla sijaanza nina ombi moja. Naona simu zimeinuliwa pale nyuma. Naomba mziweke chini. Si kwamba naona haya kuonekana. Mkishanisikiliza mtajua kwa nini.

Mama mchungaji aliponiomba nisimame hapa nilimkatalia mara mbili. Nilimwambia ushuhuda hutolewa na mtu aliyeponywa, mimi ni mtu niliyeumiza. Akaniambia basi njoo useme hivyo hivyo. Kwa hiyo nimekuja kusema hivyo hivyo. Sitataja jina la mtu, wala la hospitali, wala la kijiji. Kama kuna anayejua, namwomba anisaidie kunyamaza.

Wengi wenu mnanijua kituo cha afya, yule daktari wa Mbeya anayefokea watu wanaochelewesha watoto nyumbani. Ni kweli, mimi ni mtu wa Mbeya. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama analima viazi mpaka leo. Nilipomaliza chuo cha udaktari nikapangiwa kuja huku Ufipa kwa mwaka wa utarajali. Kwa msiojua, huo ni ule mwaka ambao daktari mpya anafanya kazi hospitalini chini ya wakubwa wake kabla hajapewa leseni kamili. Daktari umeshaitwa, lakini bado unaangaliwa.

Nilifika Sumbawanga mwezi wa sita. Baridi haikunisumbua, kwetu nako kuna baridi. Kilichonisumbua ni upweke. Sikuwa na ndugu wala rafiki. Wodini wazee walizungumza Kifipa na watu wao, mimi nimesimama na faili mkononi nasubiri mtu anitafsirie. Nikikosea kidogo nakaripiwa mbele ya wagonjwa. Jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga, nakaa kitandani na simu.

Siku moja nikajirekodi nimevaa koti jeupe, kipimo cha mapigo ya moyo shingoni, naeleza siku ya daktari mpya inavyokwenda. Nikaiweka mtandaoni. Watu wakaipenda, wakaanza kuniita daktari wetu. Wiki iliyofuata nikaweka nyingine. Ndugu zangu, nawaambia, sifa za watu usiowajua ni tamu kuliko za watu unaowajua, kwa sababu wao hawajakuona ukikosea. Hospitalini nilikuwa mwanafunzi. Kwenye simu nilikuwa bingwa.

Mwanzoni nilionyesha viatu vyangu na kikombe changu cha chai. Baadaye nikaonyesha korido. Baadaye korido ikawa na watu. Kisha nikaweka picha ya eksirei ya mfupa uliovunjika, nikajiambia haina jina la mtu, haina ubaya. Kila hatua ilikuwa ndogo. Hakuna siku niliyoamka nikasema leo nitafanya uovu.

Wodini kwetu kulikuwa na muuguzi kiongozi, mama wa makamo, Mfipa wa Msanzi. Sote tulimwita Sista. Aliniona siku moja nikirekodi mlangoni mwa wodi, akanivuta pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia watu waliolala mle ndani wamevuliwa nguo zao zote, nguo waliyobaki nayo ni sisi. Nikamjibu, ndiyo Sista. Kisha nikasubiri aondoke, nikamalizia nilichokuwa narekodi.

Sasa niwaambie habari za huyo mama.

Alitoka kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Muze. Alikuwa mjane, umri kama wa mama yangu mzazi. Aliletwa na binti yake, msichana wa miaka kumi na tisa, wa mwisho kuzaliwa. Walipanda bodaboda, kisha gari la mizigo, mpaka wakafika kwetu. Mama alikuwa na kidonda kwenye mguu wa kulia. Alijikata na jembe shambani, hakusikia maumivu makali, akafunga kitambaa akaendelea kupalilia. Hakujua kwamba ana ugonjwa wa sukari. Kidonda kilikuwa cha miezi, amekificha kwa majani na kwa vitenge virefu. Alipofika kwetu kilikuwa kimeoza, na mlikuwa na funza ndani.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba radhi kwa harufu. Alimwomba radhi mgonjwa wa kitanda cha jirani, akamwomba mfagizi, akaniomba mimi.

Mimi ndiye niliyepangiwa kusafisha kile kidonda. Ilichukua muda mrefu. Alikuwa mtulivu, ananiita mwanangu, na wakati namtoa wale funza yeye alikuwa anaomba kwa Kifipa, sauti ya chini, kama mtu anayeimba. Pale ndipo nilipoitoa simu. Nikaiegemeza kwenye trei ya vifaa, nikaielekeza mguuni. Nilihakikisha uso wake hauonekani. Nilijiona mwangalifu sana.

Akaiona. Akaniuliza, "Mwanangu, unapiga picha?"

Nikamwambia, "Ni kwa ajili ya faili lako, mama."

Akasema, "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo miaka yote hii. Wewe ndiye unayejua. Angeniambia acha, labda ningeacha. Lakini mtu aliyelala chali, mguu wake uko mikononi mwako, anakwambiaje acha?

Jioni ile nikaikata video, nikaweka muziki mwanzoni na mwishoni, katikati nikaacha sauti halisi kwa sababu ile sala ilinogesha. Juu nikaandika: Sumbawanga haiishiwi mambo. Nikaweka na vikaragosi vya kucheka. Mnajua nyote watu wa mikoa mingine wanavyousema mji ule na mkoa huu wote, kwamba ni wa wachawi. Sisi tuliotoka nje tunalifanya jambo hilo utani, tunasahau kwamba kuna wanaoishi humu na wanaoumizwa na utani huo.

Asubuhi video ilikuwa imekwenda mbali kuliko zote nilizowahi kuweka. Watu waliandika chini yake kwamba huyo amerogwa. Wengine wakaandika kwamba yeye ndiye mchawi, dawa zake zimemrudia. Nilizisoma nikinywa chai. Nilicheka, ndugu zangu. Nisiwadanganye, nilicheka.

Siku ya tatu yule binti alinikuta koridoni. Aliniamkia kama kila siku. Kisha akanipa simu yake. Ilikuwa ile video, imetumwa kwenye grupu la kijiji chao.

"Daktari," akasema, "hii ni sauti ya mama. Na hii nyingine ni yako."

Uso niliuficha. Sauti sikuificha. Kijijini kwao kila mtu aliijua, maana mama ndiye aliyekuwa anaongoza sala kwenye misiba.

Binti alinieleza mengine palepale, kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tangu baba yao afariki, upande wa mume walikuwa wakinong'ona kwamba mama ana mkono katika kifo kile. Hawakuwa na la kushika. Sasa walikuwa nalo: mtu hai anatoka funza, na watu wa Tanzania nzima wanasema ni uchawi umemrudia. Shemeji wa yule mama alikuwa amepiga simu asubuhi kusema wasirudi kwenye nyumba ile. Vyombo vyao vilikuwa vimeshatolewa nje.

Niliingia wodini. Mama alikuwa amekaa, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Wagonjwa wengine walikuwa wanamtazama, kisha wanatazama simu, kisha wanamtazama tena. Nilipofika kitandani kwake hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe faili langu linasomwa na watu wote?"

Nilisema nitaifuta. Nikaifuta mbele yake. Lakini ilikuwa imeshanakiliwa, imeshasambaa, na ninyi vijana mnajua kwamba kitu cha namna hiyo hakifutiki.

Siku hiyohiyo akaomba kuondoka. Alikuwa amepangiwa kukatwa mguu chini ya goti siku ya Alhamisi. Daktari bingwa wa upasuaji akamsihi. Sista akapiga magoti kando ya kitanda akamsihi kwa Kifipa. Akakataa. Alisema hawezi kulala mahali ambapo kila anayepita amekwisha kumwona. Akaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba anaondoka kwa hiari yake. Hiari. Nilishuhudia neno hilo likiandikwa.

Nyumbani kwake hakukuwa na pa kwenda, wakaenda kwa mdogo wake kijiji kingine, hukohuko bondeni. Siku ya kumi na mbili akafariki. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu. Yule bingwa ni mtu wa kupima maneno, na alisema kama angekatwa ule mguu angeishi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipozidi kuanguka. Hospitali iliunda kamati. Waliponiuliza nani aliyerekodi, nilikana. Niliwaambia simu yangu huwa naiacha kwenye chumba cha madaktari, huenda mwenzangu mmoja aliichukua akarekodi, akaiweka kwenye ukurasa wangu. Walijua sauti ni yangu, nikasema nilikuwa nasafisha kidonda, sikujua nani anarekodi. Mwenzangu yule, mtarajali kama mimi, akaitwa akahojiwa siku mbili. Alikuwa na mke mjamzito nyumbani. Nami nilipishana naye mlangoni nikatazama chini.

Hata hivyo nilisimamishwa wakati uchunguzi ukiendelea. Na mtandao ukanigeukia. Watu walewale walioniita daktari wetu wakaipata picha yangu, wakaisambaza, wakaniita daktari wa funza. Nikienda gengeni kununua nyanya wanawake wananyamaza. Mama yangu alipiga simu kutoka Mbeya, akawa analia tu. Nikaacha kutoka. Nikaacha kula. Nilifika mahali nikilala natamani kusiche.

Kama wiki mbili zilipita hivyo. Mchana mmoja nikasikia hodi. Ni Sista. Alikuja na unga na migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, kwenye kapu. Hakuuliza kitu, akawasha jiko langu, akasonga ugali, akaniwekea maji ya kunawa. Nikala, machozi yananitoka. Nilianza kumweleza kwamba maisha yangu yameharibika, kwamba mama yangu aliuza nusu ya shamba la viazi ili nisome, kwamba sitapata leseni.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Daktari, unalilia kazi, au unamlilia mgonjwa?"

Nikafungua kinywa kumjibu.

Akasema, "Usinijibu mimi. Ukipata jibu, unajua ninapokaa." Akaosha sahani, akaondoka.

Ndugu zangu, nilikaa na swali lile siku tatu. Nilikuwa nimelia sana tangu yule mama aondoke, lakini nilipoyachunguza machozi yangu, hakukuwa na hata moja lake. Yote yalikuwa yangu. Nilikuwa sijamwazia binti yake analala wapi. Nilikuwa sijajiuliza kaburi liko wapi. Siku ya tatu ndipo nikamlilia yeye, kwa jina lake. Ni kilio cha namna nyingine kabisa. Hakikupunguzii kitu.

Asubuhi yake nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, nikamwambia ukweli wote. Kwamba nilirekodi mimi, kwamba nilimdanganya mgonjwa ni kwa ajili ya faili, kwamba mwenzangu hana hatia na nilimsingizia. Akaandika, akanipa nisome, nikatia saini. Yule mwenzangu nilimfuata kumwomba radhi. Alinisikiliza, akafunga mlango. Mpaka leo hatusalimiani. Ni haki yake.

Kisha nikaenda kwa Sista, nikamwomba anipeleke bondeni.

Tuliteremka milima ya Lyambalyamfipa. Kadiri tulivyoshuka joto liliongezeka, nami nikazidi kuhisi baridi. Tulimkuta binti na mama yake mdogo uani, wanapepeta mpunga. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, nikasema machache. Mama mdogo aliendelea kupepeta. Alisema dada yake alikufa akimwuliza kama harufu bado ipo, na kumwomba awafungulie watu dirisha.

Binti ndiye aliyezungumza nami. Alisema, "Msamaha wako sina pa kuuweka sasa hivi. Unataka kunisaidia? Nenda kijijini kwetu uwaambie mama alikuwa anaumwa nini."

Sista akamwuliza mara mbili kama ana hakika, kwa sababu siri ya mgonjwa haizikwi naye, na sasa mwenye kuitunza ni yeye. Akasema ana hakika. Siri iliyotoka nusu, alisema, inaua. Itoke yote.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi. Watu walikuja wengi, walitaka kumwona daktari wa funza. Nilisimama mbele yao kama nilivyosimama mbele yenu leo. Nikawaambia video ile niliichukua mimi, kwa kumdanganya mgonjwa wangu. Nikawaambia marehemu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kwamba sukari huua hisia za mguu, mtu anajikata asisikie, kidonda hakiponi, na inzi hutaga mayai kwenye kidonda chochote kilicho wazi, kiwe cha padri au cha mlevi. Nikawaambia hakuna mkono wa mtu pale, na kama kuna mkono uliomuua, ni huu wangu ulioshika simu.

Shemeji wa marehemu akainuka. Alikuwa mzee wa heshima, kavaa koti. Akauliza, "Kwa hiyo hata mimi ningeweza kupata ugonjwa huo?"

Nikamwambia, "Hata wewe, baba."

Akaketi. Hakuomba radhi kwa mtu. Lakini nilimwona anaitazama miguu yake. Wiki iliyofuata, nikasikia, alituma watu wamwambie binti arudi kwenye nyumba ya wazazi wake. Binti hakurudi.

Kamati ilinisimamisha kwa muda mrefu, kisha nikaurudia mwaka wote wa utarajali hospitali nyingine, kuanzia siku ya kwanza. Niliufunga ukurasa wangu wa mtandaoni. Nilipopata ajira nikapangiwa huku Kalambo, na wengi wakaniambia niombe uhamisho, niende mahali ambapo hawanijui. Nilibaki.

Mwaka jana nilikuwa kituoni, foleni ndefu, nikaita anayefuata. Akaingia binti yule. Ameolewa sasa, anaishi Msanzi. Amemshika mkono mama yake mdogo, aliyekuja kumtembelea.

Akasema, "Nimemleta apimwe sukari."

Nikampima. Ilikuwa juu. Nikamwomba yule mama ruhusa ya kumvua viatu na kuitazama miguu yake. Akakubali. Nikaiangalia kidole kwa kidole, ilikuwa mizima. Nikamweleza dawa na chakula, nikaweka tarehe ya kurudi. Walipofika mlangoni binti akageuka.

"Sijakusamehe yote, daktari," akasema. "Lakini nimemleta kwako."

Huo ndio uponyaji nilioupata, ndugu zangu. Sina mwingine mkubwa zaidi wa kuwaonyesha.

Namshukuru Sista, aliyeninyima huruma niliyoitaka akanipa ile niliyoihitaji. Namshukuru mama yangu, aliyelia na hakunikana. Nalishukuru kanisa hili, mliniimbisha kwaya kabla hamjaniuliza nilikotoka. Na namshukuru binti huyo. Nilikwenda Msanzi kumwomba ruhusa kabla ya kusema haya. Alinipa, kwa sharti kwamba jina la mama yake lisisikike.

Ninyi vijana, mtaniambia simu inaelimisha, na ni kweli, wapo wenzetu wanaofundisha watu vizuri kwayo. Siwaambii muitupe. Nawaambia mgonjwa akikataa, msikie. Na akikubali, jiulize kama alikuwa na uwezo wa kukataa. Kama huna hakika, irudishe mfukoni uendelee kumsafisha kidonda.

Nimemaliza. Nawaomba msinipigie makofi. Tusimame dakika moja tuwaombee watoto wa yule mama. Jina lake mimi sitalitaja. Mungu analijua.